Kondoo Waliyemwita Tasa

Ramazani amekufa. Wifi yangu wa zamani, Zena, alinipigia simu asubuhi, mimi niko hapa Mutakura napepeta mchele, akalia kwanza, halafu akasema, "Wifi, kaka ametuacha." Nilisema inna lillahi, maana hilo ni neno la Mungu, si la Ramazani, halafu nikaendelea kupepeta mchele wangu mpaka ukawa safi. Mchana nikavaa kitenge changu cha maua ya njano, kile ninachovaa kwenye harusi, nikashuka Kanyosha kukaa kwenye kilio. Wajukuu waliniuliza, bibi, mtu gani anaenda kwenye kilio na nguo ya harusi? Siku ile nilikuwa nimeisubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Tulikaa wanawake kwenye mikeka, kwenye barza ileile niliyoifagia nikiwa msichana. Binti mmoja wa jirani, mgeni pale, alikuwa anagawa chai. Alipofika kwangu akaniuliza kwa heshima marehemu alikuwa baba nani, ili ajue namna ya kutoa pole. Swali la kawaida kabisa. Kwetu mwanamume mzima haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hata mlevi wa mtaa ana mtoto wa kumpa jina. Zena akainamia kikombe. Mama Kiza, aliyenijua tangu zamani, akaanza kutafuta kitu kwenye sakoshi yake. Basi nikajibu mimi. "Hakuwa baba wa mutu, mwanangu. Aliitwa Ramazani." Nilisema polepole, sauti ifike mpaka mkeka wa mlangoni. Najua wapo watakaosoma hapa wakaniona mwanamke mbaya. Na waone. Wanawake watatu walipita katika nyumba ile baada yangu, Amina, Fatuma na Spesioza aliyesilimu kwa ajili yake, na kila mmoja alitolewa na jina baya mgongoni, wala hakuna aliyeuliza kama ubaya uko kwa mwanamume. Mimi nilikuwa wa kwanza. Jina lile baya nilivishwa kabla yao, na nitaeleza nililivua namna gani.

Nilikotoka na nani alinizaa si habari ya leo. Itoshe kwamba nilivushwa mpaka kutoka upande wa Uvira nikiwa na masanduku mawili na kinyago cha aibu usoni kama bibi harusi yeyote, nikaingizwa katika parseli, yaani ua na nyumba, ya mama mkwe wangu, Mwajuma, ambaye wote walimwita Mama Ramazani. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye dhahabu sikioni, na alikuwa na kondoo. Enzi zile Kanyosha ilikuwa na nyasi mpaka nyuma ya nyumba. Mume wangu aliuza vitambaa katika duka la Mwarabu mmoja kule Asiatique, mtaa wa maduka, akienda asubuhi na kurudi jioni akinukia vitambaa vipya, na mimi nikabaki na mama yake kutwa nzima. Chumba chetu kilipakana na salo, chumba cha kupokelea wageni, na ule ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Fundi aliishiwa tofali, wakasema watamalizia. Hawakumalizia. Kila lililosemwa salo lilipanda, likapita juu ya ukuta, likaniangukia kitandani.

Mama Ramazani alijulikana mtaa mzima kwa jambo moja, kumtambua kondoo mwenye mimba. Jioni kondoo wakirudi, aliweka kigoda chake mlangoni pa parseli, akakaa, akawatazama wakiingia mmoja mmoja. Hakuinuka. Hakumgusa kondoo hata mara moja. Alitazama tumbo, akatazama kiwele, akasema "huyu" au "huyu apana". Anayesemwa "huyu" alifungwa kamba nyekundu shingoni, na kuanzia jioni ile alipewa pumba na chumvi. Asiye na kamba alikula majani tu. Majirani nao walileta kondoo zao zipite mbele ya kile kigoda, na mwenye kondoo aliyefungwa kamba aliondoka anatabasamu kama mtu aliyesomewa dua. Mara nyingi alipatia, sitamnyima haki yake. Lakini kondoo wetu wa huku wana mkia mpana wa mafuta unaofunika nyuma yote kama pazia, na katika nyumba ile kuinua mkia wa kondoo ilikuwa aibu kubwa, jambo ambalo mwanamke mwenye heshima hafanyi, tena mbele ya watu. Kwa hiyo alichokijua Mama Ramazani ni kile kinachoonekana pazia likiwa limeshuka.

Miezi ilipita, na mimi tumbo langu liko palepale. Alianza kunitazama kama anavyotazama kondoo. Nikipita na ndoo kichwani naona macho yake yanashuka, yanasimama kiunoni, yanaendelea. Siku moja tumekaa chini kula, bugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga kwa mawese, kuna na wageni, Mama Kiza na dada yake, na mimi naona mchuzi haujakolea, nikanyoosha mkono kwenye kikopo cha chumvi. Mama Ramazani akakivuta kikopo upande wake. "Chumvi ni ya wenye kamba," alisema. Wakacheka. Mama Kiza alicheka mpaka akapaliwa, nikamletea maji mimi mwenyewe. Ramazani alikuwepo. Alikuwa anatoa mwiba wa samaki mdomoni, akatabasamu na ule mwiba. Mpaka leo watoto wangu wanashangaa kwa nini mezani kwangu chumvi inakaa katikati, wazi, na hakuna ruhusa ya kuisogeza mbali na mtu. Tangu siku ile nilikula chakula bila chumvi katika nyumba ile, na neno lenyewe likawa mchezo. Hata watoto wa jirani walikuwa wananiita wa majani.

Katika zizi kulikuwa na mwenzangu. Kondoo jike mwekundu wa kuelekea weusi, jina lake Kahawa, ambaye alikuwa amekaa na dume muda uleule na wengine, wengine wakazaa, yeye hakuzaa. Mama Ramazani alimsema tasa mbele ya watu, na neno lake likishatoka kwenye kigoda halirudi. Mimi ndiye niliyewakatia majani, na nilianza kumpenda Kahawa kwa ukaidi tu. Nilimkatia majani ya viazi vitamu, nikamfichia na maganda ya ndizi.

Ng'ambo ya mfereji aliishi mama mzee wa Kirundi, Nyabenda, aliyekuwa na ng'ombe wachache na kondoo wawili wanaotembea nao. Kondoo hakuwala wala hakukubali sufuria yake ipikiwe nyama yao. Aliniambia kondoo anawekwa na ng'ombe kwa ajili ya amahoro, amani, na mtu hali amani yake. Alinionea huruma tangu aliposikia habari ya chumvi, maana habari ile ilivuka mfereji kabla yangu. Ni yeye aliyenionyesha. Alisema jicho linadanganywa na manyoya, na shibe, na mafuta. Kiwele nacho kinadanganya, maana kuna jike anayekijaza mapema na kuna anayengoja mpaka maumivu yaanze. Akanifundisha kumnywesha kondoo maji ya baridi asubuhi kabla hajala, halafu kupiga goti upande wa kulia, kuweka kiganja chini ya tumbo mbele ya kiwele, kusukuma polepole juu na kuacha. Kama kuna mtoto, kitu kigumu kinaondoka kwenye mkono na kurudi kuugonga. Na yale maji ya baridi yanamwamsha, anapiga teke. Halafu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya kondoo wake, akainua mkia bila haya yoyote. Akasema hapa ndipo pasipojua kusema uongo. Jike ambaye hana kitu pamekunjamana na pamepauka. Akikaribia kuzaa panavimba, panalainika, panakuwa pekundu, na pembeni ya shina la mkia, pale palipokuwa na nyama ngumu, panabonyea mashimo mawili ambayo kidole kinazama.

Nilifika zizini nikafanya kama nilivyoonyeshwa. Kiganja changu kiligongwa. Sikuamini, nikasukuma tena, nikagongwa tena, na nilikaa pale chini kwenye mavi ya kondoo nikicheka na kulia bila sauti. Kahawa hakuwa tasa. Alikuwa amechelewa kushika mimba, basi, na mwili wake ulikuwa wa wale wasiojaza kiwele mapema. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia kwa mama mkwe kumpa habari njema. Nilifika mpaka mlango wa jikoni. Humo ndani alikuwa anamwambia Zena, ambaye wakati ule alikuwa bado msichana, apange kuosha sahani zile za maua kwa sababu kuna wageni wanakuja. Mimi hakuna aliyeniambia habari ya wageni, nikarudi zizini na habari yangu.

Wageni gani, nilikuja kusikia juu ya ukuta. Nimelala na homa ya uongo, mchana, na mama na mwana wako salo wanakunywa chai. Mama alisema amempata binti Buyenzi, Zubeda, mtoto wa watu, mama yake ana watoto tisa kwa hiyo tumbo la nyumba yao linajulikana. Watu wa Zubeda watakuja kula na kuona nyumba. Ramazani akauliza sauti ya chini, na Faida je, yaani mimi? Mama akajibu kwamba Faida atapewa nauli. Halafu nikasikia kijiko kinakoroga, na sauti yake tena, yenye furaha kidogo kama mtu aliyepata mzaha mzuri. "Wageni tutawachinjia Kahawa. Tasa mumoja anaenda sufuriani, mwengine anaenda Uvira." Nilingoja sauti ya mume wangu. Nilijiambia akisema neno moja tu, hata "mama, apana", nitamsamehe yote. Nikasikia anakunywa chai. Ananyonya chai kwa kelele, Mungu amrehemu, na ile kelele ndiyo jibu lililonifikia.

Kuanzia hapo nilikuwa mtulivu kama maji kwenye mtungi. Nilipepeta, nilifua, nilichambua mchele wa wageni. Kila asubuhi nilimnywesha Kahawa na kuinua mkia wake, nikaona panavimba, panakuwa pekundu, na mashimo yanazama. Nyabenda alinihimiza niseme. Alisema mnyama mwenye mimba ya kufika hachinjwi, ni laana, sema sasa. Nilimwambia nitasema, ila nangojea wafike wa kunisikia. Akatema ugoro, akasema nisimcheleweshe kondoo. Sikulala na wasiwasi. Kisu hakingemfikia Kahawa, hilo nilikuwa nimeliapia. Lakini nikimwambia Mama Ramazani peke yake jikoni, angemfunga kamba nyekundu siku ileile, akasema alijua tangu zamani, akachinja mwingine, na mimi nauli yangu iko palepale. Neno lilitoka kwenye kigoda mbele ya watu. Lilipaswa kufia mbele ya watu.

Siku yenyewe parseli ilijaa. Mama Zubeda alikaa kwenye barza na dada zake, wamevaa vitenge vya nguo moja, na mbele yao sinia za sambusa na machungwa. Zubeda mwenyewe hakuja, si desturi. Mama Ramazani alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, dhahabu zote sikioni, na alikuwa ameshawasimulia wageni habari ya jicho lake na kamba zake, na ameshawaambia kwa sauti kwamba anawachinjia yule aliyekula bure. Kazi ya kumletea Maalimu Issa maji ya kuoshea kisu niliiomba mimi. Maalimu Issa alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi, aliyechinja kwenye karamu zote za Kanyosha. Kahawa akaletwa na Ramazani na jirani, akalazwa ubavu wa kushoto. Maalimu akaelekea kibla. Nikapiga goti na kopo la maji. "Maalimu," nilisema, si kwa kelele, lakini sauti ilifika barza yote, "mbele ya bismillahi, weka mukono wako hapa."

Nadhani aliniheshimu kwa sababu nilikuwa na maji yake. Aliweka mkono. Nikaubonyeza kidogo kwa wangu. Nikaona uso wake unabadilika, mkono akauondoa kama ameungua, akaurudisha mwenyewe. Kisha akasimama, akachukua kopo langu, akaosha kile kisu ambacho hakijagusa kitu, akakifunga kwenye kitambaa chake. Akageukia kigoda. "Mama Ramazani, huyu ako na mutoto wa kufika. Anaweza kuzaa leo. Miye sichinji."

Mama Ramazani akasema haiwezekani, Maalimu amezeeka mikono, kondoo ni tasa, kila mtu Kanyosha anajua. Hakuinuka lakini. Ingempasa aje, ainame, ainue mkia mbele ya wageni, na hilo hakuliweza. Ndipo Mama Zubeda akaweka chini ganda la chungwa, akajifuta vidole. Yule mwanamke sikuwahi kumwona tena, na kila Ramadhani namwombea. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Na huyu binti wa maji, ndiye munasema ni tasa?"

Dada zake wakageuka, wakatazama kigoda.

"Nani alimuona? Daktari?"

Ramazani, ambaye alikuwa bado ameshika miguu ya kondoo, akajibu haraka kama mwanafunzi. "Ni mama."

"Mama wa kigoda," alisema Mama Zubeda. Dada yake mmoja akaanza kucheka ndani ya mtandio. "Na we baba, we nani alikuangalia? Umepita mbele ya kigoda na we?"

Walicheka barza nzima. Mama Kiza pia, yuleyule aliyepaliwa na chumvi yangu, alicheka mpaka akashika mbavu, na safari hii sikumletea maji. Niliangalia uso wa mume wangu. Niliangalia uso wa mama yake, na dhahabu zinatikisika masikioni bila kichwa kutikisika. Watu wamewahi kuniuliza kama nilisikia vibaya. Nilisikia utamu ambao sijausikia tena, hata siku nilipomzaa Idi, na Mariamu, na Kassimu, na Rehema, na mapacha wangu. Mama Zubeda akajifunga kitenge vizuri, akashukuru kwa sambusa, akasema watarudi siku Ramazani akishaenda hospitali kuangaliwa. Ramazani hakuenda, basi nao hawakurudi. Sinia la wali likabaki katikati ya salo limefunikwa, na mtu hakulifunua.

Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye kitambaa tayari. Sikungoja nauli. Nilikuwa mlangoni mwa chumba jua bado liko juu, niliposikia Kahawa anakoroma zizini. Kule kumbwaga na kumshikilia kulimharakisha. Nikasikia Mama Ramazani anaita majina, Zena, Ramazani, Zena, na Ramazani alikuwa ametoka, na Zena amejificha kwa aibu. Halafu akaita jina langu. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu Kahawa hakunikosea kitu.

Alikuwa amelala, anasukuma, na mguu mmoja wa mtoto umetoka, mmoja tu, na pua haionekani. Mama Ramazani amesimama juu yake na kitenge chake cha wageni, mikono imening'inia. Pamoja na wanyama aliokuwa nao umri wote, hakuwa amewahi kuweka mkono pale. Nikaosha mikono kwa sabuni, nikajipaka mawese mpaka kiwiko, nikamwambia apige goti, ashike kichwa cha kondoo, asimwachie ainuke. Alipiga goti. Kitenge kikaingia kwenye mavi na mkojo, hakukiinua. Nikainua mkia mbele ya uso wake, nikaingiza mkono. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimegeukia nyuma. Ilinibidi nimsukume ndani kwanza, nitafute taya kwa vidole, nikizungushe.

Nikiwa ndani hivyo, Mama Ramazani akaanza kulia. Alisema, Faida mwanangu, usiende, watu watasema nini. Nilikuwa natafuta taya. Akasema kamba atanifunga yeye mwenyewe, mbele ya mtaa wote, na chumvi, na nyumba yote ni yangu. Halafu akasema lile neno ambalo nilijua halijawahi kumtoka mdomoni, wala kwa mume wake, wala kwa Mungu labda.

"Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa nimelipata taya. Lilikuwa dogo na linateleza, na mtoto akaninyonya kidole.

"Shika kichwa," nilimwambia.